Usiku wa Jirani Yako ni Saa Ngapi? Maswali ya Wapangaji wa Shinyanga na Geita Kuhusu Kelele

Kuanzia Kahama, Masumbwe na Runzewe hadi Katoro na Geita mjini, watu wengi wa ukanda wa dhahabu wanaishi nyumba za kupanga. Ni vyumba sita, nane au zaidi vinavyotazamana kwenye korido moja au kuuzunguka ua, vyenye choo kimoja, bomba moja na mita moja ya Luku. Humo mfanyakazi wa mgodi aliyetoka zamu ya usiku analala ukuta mmoja na fundi cherehani, mwanafunzi wa kidato cha nne, mama anayenyonyesha, na kijana aliyenunua sabufa mpya baada ya duara lao, yaani shimo la wachimbaji wadogo, kutema dhahabu.

Maelezo haya yanajibu maswali ambayo wapangaji, wenye nyumba na viongozi wa mitaa hukutana nayo mara kwa mara. Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: huku migodini utulivu hauwezi kuachiwa saa ya ukutani peke yake. Mgodi haulali, kwa hiyo usiku wa mtu mmoja ni mchana wa mwenzake. Wapangaji wanaojua nani analala saa ngapi huepuka ugomvi mwingi ambao sheria, kwa jinsi ilivyoandikwa, haiwezi kuwaepushia.

Kisheria, kelele ni kiasi gani?

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake zilitungwa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo mwaka 2015. Sauti hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono ni kama desibeli 30, mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaa karibu ni kama 60, na ndani ya banda la mashine ya kusaga ni 90 na zaidi.

Kanuni zimegawa maeneo kulingana na matumizi yake. Mchana ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, na usiku ni kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Viwango vya juu vinavyoruhusiwa ni hivi:

- Hospitali na sehemu za namna hiyo: desibeli 45 mchana, 35 usiku.
- Makazi: 50 mchana, 35 usiku.
- Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani: 55 mchana, 45 usiku.
- Makazi yaliyochanganyika na viwanda vidogo na biashara: 60 mchana, 50 usiku.
- Maeneo ya viwanda: 70 mchana, 60 usiku.

Mambo mawili yaangaliwe hapo. La kwanza, mchana nao una kikomo. Anayesema "muziki wangu ni ruksa mpaka saa nne" hajaisoma kanuni. Saa nne ni muda wa kushuka kutoka kiwango kimoja kwenda kingine. La pili, mitaa mingi ya Katoro au Kahama mjini ina maduka, baa, gereji na vyumba vya kulala katika mstari mmoja, kwa hiyo huenda ikahesabiwa kuwa makazi mchanganyiko. Mkazi wa mtaa kama huo hawezi kudai ukimya wa kijijini, lakini hata yeye ana kikomo kinachomlinda.

Programu za simu za kupima desibeli husaidia kukadiria tu. Kipimo kinachosimama mbele ya mamlaka ni cha chombo maalumu kinachoshikwa na afisa.

Mbona nasikia hata kikohozi cha chumba cha pili?

Mara nyingi kosa si la jirani, ni la jengo. Nyumba nyingi za kupanga zimeezekwa bati bila dari, na kuta za ndani zimeishia usawa wa linta. Juu yake, kuanzia hapo hadi kwenye bati, ni uwazi unaounganisha vyumba vyote. Sauti ni kama maji: haijali unene wa ukuta kama kuna tundu la kupitia. Inapanda, inapiga bati, inashuka upande wa pili.

Ukuta wa tofali moja uliopigwa lipu pande zote mbili unaweza kupunguza sauti kwa desibeli 45 hivi. Ukiacha uwazi wa asilimia moja tu ya eneo la ukuta huo, uwezo wake unashuka hadi kama desibeli 20. Mazungumzo ya desibeli 60 yaliyopaswa kufika kwako yakiwa hayasikiki, sasa yanafika yakiwa 40, na katika chumba kimya hiyo inatosha kusikia neno kwa neno. Kwa nyumba ambayo ukuta umeishia linta, uwazi ni mkubwa kuliko hiyo asilimia moja mara nyingi. Ndiyo maana wapangaji wa vyumba viwili wanaweza kuulizana bei ya sukari bila kutoka nje.

Besi ya sabufa ni kesi nyingine. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta kwa urahisi, lakini besi hulitikisa jengo lenyewe. Ukiweka sabufa sakafuni au ukiigusisha na ukuta, sakafu na ukuta vyote vinageuka spika. Jirani anaweza asisikie maneno ya wimbo hata moja, akasikia mtikisiko wake kwenye godoro.

Nafanya zamu ya usiku. Je, nina haki ya kulala mchana?

Haki unayo, ila sheria haikukutengea saa zako. Kwenye migodi mikubwa kama ule wa Geita, ambao umekuwa ukizalisha dhahabu tangu mwaka 2000, na Bulyanhulu, kazi inakwenda usiku na mchana, na zamu moja mara nyingi huchukua muda wa saa 12. Anayetoka alfajiri hufika nyumbani jua limeshatoka, akaoga, akala, akalala kuanzia kama saa 2 asubuhi hadi saa 8 au 9 mchana. Hizo ndizo saa ambazo nyumba nzima inafua, inatwanga, inasikiliza redio na watoto wa shule za awali wanarudi. Wauguzi, walinzi, madereva wa malori na wavuvi wa dagaa wa Nkome na Chato, ambao hutoka ziwani asubuhi, wako kwenye hali hiyo hiyo.

Kukosa usingizi si kero ndogo. Shirika la Afya Duniani limeonya kwa miaka mingi kwamba kelele zinazokatiza usingizi huchangia shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Mtu aliyekosa usingizi siku tatu mfululizo kisha akapanda lori la mgodini au akashuka shimoni ni hatari kwake na kwa wenzake.

Kwa hiyo mwenye zamu ndiye anayepaswa kuanza kusema, kwa sababu majirani hawawezi kuijua ratiba yake. Andika zamu zako za mwezi kwenye karatasi na uibandike mlangoni: "Wiki hii nalala mchana. Asanteni." Karatasi hiyo haimlazimishi mtu, lakini inaondoa kisingizio cha "sikujua", na wengi wakijua wanapunguza. Nawe zamu ikigeuka ukawa unalala usiku, itoe. Karatasi ya mwaka mzima hakuna atakayeiheshimu.

Nikitaka kuongea na jirani, nianzie wapi?

Anzia pale ambapo hujakasirika bado. Kugonga ukuta usiku wa manane, kupandisha redio yako ili kumkomoa, au kumsema kwa mafumbo bombani, vyote vinageuza suala la sauti kuwa suala la heshima. Likishafika huko, hata akipunguza sauti hamtasalimiana.

Nenda kesho yake, mchana, mwenyewe, bila shahidi. Piga hodi, salimia inavyostahili. Kama ni mtu mzima mwamkie, hata kama ndiye mwenye kelele. Mpe pole ya kazi. Kisha taja jambo moja, saa moja na ombi moja:

"Samahani kaka, jana kuanzia saa tano usiku ile besi ilikuwa inafika mpaka kitandani kwangu. Naingia kazini saa kumi na moja alfajiri. Naomba ikifika saa nne uwe unaipunguza ile besi tu, muziki wenyewe haunisumbui."

Ombi la namna hiyo lina kitu anachoweza kufanya na kitu anachobaki nacho. "Wewe una kelele sana" halina hata kimoja. Na ukikuta mwenzako naye ana lake la kukuambia, kwamba kengele ya simu yako hulia kila alfajiri nawe umeiacha kwenye chaji umeenda kuoga, lipokee. Watu wengi hawajijui walivyo kwa majirani mpaka waambiwe.

Ikiwa unaogopa kumkabili mtu huyo kwa sababu ya ulevi au ukali wake, usiende peke yako. Mpitie mwenye nyumba au mpangaji mkongwe.

Tunawezaje kuandikiana makubaliano ya nyumba?

Kikao kimoja cha nusu saa Jumapili jioni kinatosha. Mwenye nyumba au msimamizi wake awepo, kwa sababu mpangaji mpya akija ni yeye atakayemsomea masharti. Kila chumba kijibu maswali mawili: unalala saa ngapi, na una kazi au kifaa gani chenye kelele? Majibu hayo ndiyo yatakayotoa masharti. Mfano:

1. Saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, sauti ya redio, televisheni na maongezi iishie chumbani kwa mwenyewe.
2. Saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, vyumba vya wenye zamu vilivyobandikwa karatasi viheshimiwe: hakuna kutwanga wala kupiga muziki koridoni, kazi hizo zifanyike mwisho wa ua.
3. Pikipiki izimwe getini na kusukumwa ndani.
4. Simu: ukipigiwa usiku, toka ukaongelee nje ya nyumba, si koridoni.
5. Mwenye sherehe atoe taarifa kwa vyumba vyote siku tatu kabla, na aseme itaisha saa ngapi.
6. Mwenye mgonjwa, mzazi wa mtoto mchanga au mwanafunzi mwenye mtihani wa taifa aseme. Nyumba itampunguzia kelele kwa muda huo.

Wote waweke sahihi, na karatasi ibandikwe karibu na mita ya Luku, mahali ambapo kila mtu hufika. Masharti yasizidi hayo. Orodha ya mambo ishirini haisomwi, na ikishavunjwa mara moja imekufa.

Wanaoishi kwenye maghorofa wana njia iliyo rasmi zaidi. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo inawapa wamiliki wa sehemu hizo chama chao, nacho kinaweza kuweka kanuni za jengo zinazowabana wenyewe na wapangaji wao. Aliyepanga fleti aombe kuziona kanuni hizo kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.

Nina chumba tu na sina hela nyingi. Nifanye nini ndani kwangu?

Fuata mpangilio huu, kuanzia lenye nguvu zaidi.

*Ziba matundu kwanza.* Chini ya mlango weka kipande cha mpira au kanga kuukuu iliyoviringwa. Matundu ya nyaya na nyufa za fremu za mlango yajazwe. Ukipata ruhusa, ziba uwazi wa juu ya ukuta, hata kama ni kwa vipande vya ubao mzito vilivyobanwa vizuri. Usizibe matundu ya hewa ya ukuta wa nje, hasa kama unapikia mkaa au gesi ndani.

*Hamisha kitanda.* Kisiguse ukuta mnaochangia na mwenye sabufa. Kabati lililojaa nguo likae upande huo badala yake.

*Inua spika.* Kama mwenye sabufa ni wewe, iondoe sakafuni, iweke juu ya kipande cha godoro kuukuu, umbali wa mkono mmoja kutoka ukutani, kisha shusha besi. Kwako muziki utabaki ule ule, kwa jirani tofauti itakuwa kubwa.

*Tuliza vyuma na miguu.* Vipande vya ndala zilizokwisha chini ya miguu ya viti na meza. Kipande cha mpira kwenye komeo la geti. Mafuta kidogo kwenye bawaba. Kinu kikae juu ya ardhi na gunia chini yake, si juu ya saruji ya korido.

*Vaa vizibo vya masikio.* Wafanyakazi wengi wa migodini wanavyo tayari. Vinafaa kwa usingizi wa mchana, ila mlezi wa mtoto mchanga asivitumie akiwa peke yake naye. Feni inayozunguka nayo husaidia, kwa sababu mvumo wake wa sauti moja hufunika kelele ndogondogo zinazoshtua.

Ushauri mmoja usiufuate: trei za mayai ukutani. Hupunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, lakini ni nyepesi mno kuzuia sauti isipite, na zikishika moto zinateketea haraka. Hela ya trei nunua saruji ya kuzibia nyufa.

Mimi ni mwenye nyumba. Nijenge vipi?

Kuta za kutenganisha vyumba zipandishwe hadi kwenye bati, siyo kuishia linta, na sehemu ya juu izibwe kwa mota kufuata migongo ya bati. Hili ndilo jambo moja lenye faida kubwa kuliko yote, na likifanyika wakati wa kujenga gharama yake ni tofali chache na siku moja ya fundi. Baadaye, paa likishafungwa, kazi inakuwa ngumu zaidi.

Lipu ipigwe pande zote mbili za ukuta, kwa sababu viungo vya tofali visivyojazwa hupitisha sauti. Weka dari. Itapunguza sauti inayopita juu, itapunguza joto la mchana linalomfukuza mwenye zamu kitandani, na msimu wa mvua watu wataweza kuongea bila kupaaza sauti. Milango ya vyumba isitazamane ana kwa ana, na choo, bomba na jiko vikae upande mmoja, mbali na madirisha ya kulalia.

Mwenye nyumba aliyepangisha chumba cha mbele kuwa baa au kibanda umiza ajue kwamba ameshawauzia wapangaji wa nyuma kelele pamoja na kodi. Aamue mapema anataka nyumba ya biashara au ya kulala.

Kelele zinatoka baa, ukumbi au nyumba ya ibada. Hao nao wanaguswa na sheria?

Wanaguswa. Viwango vya kanuni vinahusu sauti, havimwulizi mtu anacheza nini au anamwomba nani. Mwaka 2023 taasisi ya taifa ya mazingira, ambayo wengi wanaijua kwa jina la NEMC, ilifungia makumi ya baa na kumbi za starehe nchini kwa sababu ya kelele. Baa ina leseni ya vileo yenye masharti na saa zake, na leseni hutoka halmashauri. Malalamiko yaliyoandikwa ya wakazi kadhaa yana uzito wakati wa kuihuisha.

Hata hivyo, anza na meneja. Spika nyingi za baa zimeelekezwa barabarani ili kuvuta wateja. Kuzigeuza zitazame ndani, kuzishusha kutoka juu ya paa na kufunga mlango wa nyuma baada ya saa nne ni mambo ambayo hayampotezei mteja hata mmoja. Umbali nao unasaidia: mahali pa wazi, kila ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye spika, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi.

Kwa nyumba ya ibada, wapelekeeni ombi wazee wa kanisa au viongozi wa msikiti, na ikiwezekana mpelekaji awe muumini wao. Msizungumzie ibada. Zungumzieni spika ya nje wakati wa mkesha: waumini wako ndani, spika za ndani zinawatosha. Mkesha uliotangazwa kwa majirani mapema, wenye usiku unaojulikana, huvumiliwa. Wa kila Ijumaa bila taarifa ndio unaozaa chuki.

Nyumba ya pili kuna karasha au mashine ya kusaga. Je?

Mashine ya unga ina nafasi yake mtaani, na mara nyingi mkikubaliana saa za kufungua na kufunga yanaisha. Kufunga mashine juu ya mpira mzito na kukaza nati zilizolegea hupunguza mtikisiko, na mwenye mashine anafaidika kwa sababu hata beringi zinadumu.

Karasha la kusagia mawe ya dhahabu ni jambo jingine. Hapo kelele ndiyo hasara ndogo. Vumbi la mawe hayo lina silika, ambayo ikiingia kwenye mapafu kwa muda mrefu huleta ugonjwa wa silikosisi usio na tiba. Na panapochomwa dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki, mvuke wake ni sumu, mbaya zaidi kwa wajawazito na watoto. Shughuli za uchenjuaji zinahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na hazipaswi kufanyika uani kwa watu. Taarifa ipelekwe serikali ya mtaa au kijiji, afisa mazingira wa halmashauri, na ofisi ya Tume ya Madini. Geita na Kahama zote zina ofisi hiyo. Usisubiri kelele ikushinde ndipo useme, sema kwa ajili ya vumbi.

Milipuko ya mgodi inatikisa nyumba yetu. Hilo nalo ni kelele?

Ndiyo, kanuni za mwaka 2015 zinahusu mitetemo pia. Wakazi wa mitaa inayopakana na mgodi wa Geita wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu nyufa. Hapa maneno matupu hayafiki mbali, kumbukumbu ndiyo inayofika. Andika tarehe na saa ya kila mlipuko. Piga picha ufa ukiwa na rula pembeni yake, rudia kila mwezi, na kwenye lipu chora mstari mahali ufa ulipoishia na uandike tarehe. Nyufa husababishwa pia na msingi dhaifu na udongo unaovimba na kusinyaa, kwa hiyo bila kumbukumbu hakuna atakayeweza kutenganisha chanzo kimoja na kingine. Malalamiko yapitie serikali ya mtaa yakiwa ya pamoja, nakala iende kitengo cha mahusiano ya jamii cha mgodi, Tume ya Madini na NEMC.

Ni kelele zipi napaswa kuvumilia?

Kilio cha mtoto mchanga. Watoto wanaocheza uani mchana. Mgonjwa. Msiba, ambao unabadili ratiba ya mtaa mzima na hakuna anayeuliza utaisha saa ngapi, ingawa hata msibani spika za kwaya zinaweza kushushwa usiku ukiwa mkubwa ili wafiwa wenyewe wapumzike. Harusi iliyotolewa taarifa na kupata kibali. Ngoma za mavuno na sherehe za kimila. Kelele zenye mwanzo, mwisho na sababu inayoeleweka ni sehemu ya kuishi na watu. Zinazopaswa kushughulikiwa ni zile za kila siku zisizo na sababu zaidi ya mtu kutofikiria wenzake.

Nimeongea, tumeandikiana, bado jirani amekataa. Ngazi ni zipi?

Panda moja baada ya nyingine, na kila hatua iandike tarehe.

1. *Mwenye nyumba.* Ana mkataba wa upangaji mkononi. Anaweza kuonya na, ikibidi, kukataa kuuongeza.
2. *Balozi na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji.* Wataita pande zote mbili. Kesi nyingi za kelele huishia hapa.
3. *Mtendaji wa mtaa au kijiji, kisha wa kata.* Hapa kuna sheria ndogo za halmashauri na wito wa maandishi. Baraza la kata nalo hupatanisha.
4. *Afisa mazingira na afisa afya wa halmashauri,* na NEMC kupitia ofisi yake ya kanda, hasa kwa baa, viwanda na mashine.
5. *Polisi kata na mahakama.* Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, inatambua kosa la kuleta kero kwa umma.

Barua ya vyumba vitano ina nguvu kuliko ya chumba kimoja, na daftari lenye tarehe kumi lina nguvu kuliko hasira. Usikate umeme wa jirani, usimfungie geti akiwa nje, usivunje spika yake. Ukifanya hivyo unakuwa mshtakiwa kwenye kesi uliyokuwa mlalamikaji.

Na nikisikia kelele za mtu anayepigwa au kuita msaada?

Hiyo si kelele, na hakuna saa inayoizuia. Usukumani watu wanaujua mwano: yowe likipigwa, kila anayelisikia anatoka. Sungusungu waliozaliwa maeneo ya Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980 walijengwa juu ya kusikia huko, kwa mwano na filimbi. Mjini desturi hiyo inafifia, na moja ya sababu ni kelele zenyewe: mtaa uliozoea mayowe ya spika mpaka alfajiri hauwezi kutofautisha yowe la mtu.

Ukisikia kipigo upande wa pili wa ukuta, usiandike kwenye daftari la kero. Waite wapangaji wengine, nendeni pamoja mkagonge mlango, mmoja ampigie mwenyekiti na polisi kwa namba 112. Kama anayepigwa au kunyanyaswa ni mtoto, namba ya msaada kwa watoto ni 116. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na jirani anaweza kwenda kutoa taarifa hata kama aliyepigwa anaogopa kwenda. Andikeni namba hizo mbili chini ya makubaliano ya nyumba, kwenye karatasi ile ile ya pale Luku.